Mkono wa Kuazima

Mimi sikai. Ndivyo watu wanavyosema juu yangu, na hawakosei. Hata nikiwa kwenye kiti, mguu unacheza. Mume wangu, fundi seremala, husema alinijua kwa sababu nilipita mbele ya karakana yake mara tatu kwa asubuhi moja. Basi mkiniona naruka huku na huku katika habari hii, mnisamehe. Nitaisimulia yote, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nafanya kazi katika jengo la kufulia nguo za hospitali. Sisi tunaliita dobi. Jengo lina ukuta katikati. Upande mmoja ni mchafu, upande wa pili ni safi. Mashine zimejengwa ndani ya ukuta, na kila moja ina milango miwili. Watu wa upande mchafu wanaingiza nguo kwa mlango wao. Watu wa upande safi wanazitoa kwa mlango wao. Hakuna kuvuka.

Mimi nilikuwa upande safi, kwenye pasi kubwa ya rola. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mwenzangu alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye anashika pembe mbili za shuka, mimi nashika mbili. Tunavuta, tunalaza, rola inameza. Siku nzima tunataniana.

"Vuta, wifi! Au kaka yangu hakulishi?"

"Kaka yako anakula yeye. Mimi ananibakizia maneno."

Hapo dobi kila mtu ana namba. Imeshonwa kwenye aproni, kifuani. Mimi ni kumi na saba. Wifi ni kumi na nane. Msimamizi anatuita kwa namba, nasi tulizoea. Tulizoea na jambo jingine pia. Mlangoni kuna daftari. Ukifika, unaandika namba yako na kutia saini. Ukichelewa, mwenzako anakusainia. Hatukuona kosa. Tuliita kusainiana. Nimemsainia wifi, wifi amenisainia, na sote tulimsainia mzee wa boila siku alipokwenda kung'oa jino.

Mwaka huo ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Kikohozi, homa, halafu pumzi inakuwa kazi. Hospitali ilitenga wodi nzima kwa ajili ya wagonjwa hao. Nguo zao zilikuja kwetu kwenye mifuko myekundu. Kila wiki mifuko ilizidi.

Jumatatu moja tukakuta tangazo mlangoni. Msimamizi wetu anapenda matangazo kupita kiasi. Kuna tangazo la kufunga bomba. Kuna tangazo la kuosha kikombe chako. Kuna hata tangazo la kukataza watu kubandua matangazo. Akiwa hayupo tunamwita Bwana Tangazo. Lakini hili halikuchekesha.

"KILA MFANYAKAZI AWE AMECHANJWA KABLA YA IJUMAA. ASIYE NA KADI HATAPITA GETINI. HAKUNA MJADALA."

Hakuna mjadala! Hasira zikanipanda mpaka utosini.

Wakati wa chai mjadala ukawa mkubwa kuliko ule uliokatazwa. Mzee wa boila ndiye aliyeanza. Huyu tunamwita Mzee Mvuke, kwa sababu ndiye anayetuletea mvuke wa mashine. Ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyatoa yote.

"Ng'ombe ndiye anayepelekwa kwenye josho bila kuulizwa," alisema. "Mimi nina miaka thelathini hapa. Nilistahili kuulizwa."

"Mzee, mimi nilichanjwa miezi mitatu iliyopita," wifi alimjibu. "Nimeota mkia?"

"Hatujaangalia," mtu mmoja akasema. Watu wakacheka.

"Cheka tu," wifi akasema. "Uhuru wa mzee ni wake, sikatai. Lakini hewa ya humu ndani tunavuta moja. Mimi nikikohoa, nakohoa na kwako."

"Na kesho wakisema sote tunyoe vichwa?" Mzee Mvuke akauliza.

"Chawa wakituvamia, tutanyoa!"

Mimi nikasimama. Kukaa ningewezaje? Nikapiga kifua. "Mwili huu ni wangu! Hata mume wangu haniamrishi, sembuse karatasi ya ukutani!"

Watu wakanipigia makofi. Nikajiona mkubwa kweli. Lakini sababu yangu hasa sikuitaja.

Sababu yangu ilikuwa hii. Nilipokuwa na miaka saba nilichomwa sindano ya dawa. Hata kabla hatujatoka mlangoni, uso ukavimba na koo likaziba. Mama alinibeba akirudi nami ndani mbio, akipiga kelele. Waliniokoa. Tangu siku hiyo, nikiona sindano, natafuta mlango. Mtu mzima, mdomo mrefu, naogopa kitu chembamba kama uzi. Niliona aibu kusema. Kupiga kelele juu ya uhuru kulikuwa rahisi zaidi.

Na mama huyo huyo ndiye ninayeishi naye. Figo zake zilimsumbua miaka mingi, na sasa anakunywa dawa kali. Dawa hizo zinaupunguzia mwili nguvu ya kupigana na magonjwa. Alichanjwa mapema, lakini daktari alituambia waziwazi: "Kwake yeye chanjo itasaidia kidogo tu. Kinga yake kubwa ni ninyi mnaoishi naye." Kila jioni nilikuwa nampaka mafuta miguuni huku ananipa habari za redio. Na dawa zake zilitegemea kazi yangu. Nikifukuzwa, atakunywa nini?

Basi nikawa kiguu na njia. Natoka jikoni, naingia ukumbini, natoka tena. Nauliza saa na saa ninayo mkononi.

Jumatano, tukitoka kazini, wifi akanishika mkono. "Acha kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nitakusainia."

"Utanisainia nini?"

"Sindano."

Nikasimama katikati ya njia. Wifi akanieleza. Gari la wachanjaji litakuja uani kesho. Wanaandika namba ya kwenye aproni. Picha hawapigi. Yeye kadi anayo tayari. Atavaa aproni yangu, atatoa mkono, atachukua kadi ya kumi na saba.

"Utachomwa tena? Kwa ajili yangu?"

"Mkono ninao. Wewe ulinisainia wiki nzima nilipouguza mtoto. Kwani tofauti iko wapi?"

Tofauti ilikuwa kubwa kama nyumba, lakini sikutaka kuiona. Nilimkumbatia pale pale njiani. Nilifurahi, na nasema kweli, nilifurahi sana.

Alhamisi nilijibanza nyuma ya dirisha la chumba cha pasi. Niliiona aproni yangu ikisogea kwenye foleni, na wifi ndani yake.

"Namba?" mchanjaji akauliza. Alikuwa na haraka. Hakuinua macho.

"Kumi na saba."

"Una mzio wowote? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?"

"Hakuna," wifi akajibu. Kwake ilikuwa kweli.

Dakika chache baadaye nilikuwa na kadi mkononi. Mwishoni mwa foleni alikuwepo Mzee Mvuke. Yeye hakukunja mkono wa shati. Aliinama mezani, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Andika namba mbili. Andika amekataa." Kisha akageuka, akaniona nimetoka nje na kadi.

"Juzi ulisema karatasi haikuamrishi," aliniambia.

"Nimebadili mawazo, mzee."

"Haya. Ni haki yako," alisema, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Ijumaa alizuiwa getini. Alisimama pale na mfuko wake wa chakula kwa muda, kisha akaondoka. Wifi naye hakuja. Alikuwa kitandani na homa, na mkono umevimba. Nilimpelekea uji.

"Wifi, homa hii ni yako," alinitania, meno yanagongana. "Njoo uichukue."

Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu juu.

Zikapita wiki mbili na zaidi. Nikaanza kupumua. Nikajiambia mambo yamekwisha, nani atajua? Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Asubuhi moja msimamizi alituita uani. Alikuwa na orodha.

"Upande mchafu watu wawili wanaumwa," alisema. "Mifuko myekundu imejaa hadi mlangoni. Nimechagua waliochanjwa ambao wiki mbili zimepita. Hao wana kinga. Kumi na saba, unaanza leo upande mchafu."

Wifi akasogea mbele. "Bosi, nipeleke mimi."

"Wewe mtoto wako anatapika tangu jana, umeniomba uwe unatoka mapema. Kumi na saba ana kadi. Tatizo liko wapi?"

Aliniangalia. Watu wote waliniangalia. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno matatu tu: kadi si yangu. Nikakaza kamba ya aproni.

"Hakuna tatizo, bosi."

Kile chumba sikisahau. Unavaa glavu mbili, gauni la plastiki, barakoa na miwani mikubwa. Joto linakupika. Unafungua mfuko mwekundu, unatoa shuka moja moja, unatafuta vitu vilivyosahaulika ndani, kama mikasi au bomba la sindano. Mashuka yana jasho, yana matapishi, yana damu. Kila shuka lililaliwa na mtu aliyekuwa anatafuta pumzi. Mimi nilizishika nguo zile nikiwa na kinga ya karatasi.

Wenzangu kule walinitia moyo. "Usiogope, kumi na saba, sote tumechanjwa humu." Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu nyuma ya barakoa.

Nilipofika nyumbani nilioga, nikavaa nguo nyingine, nikaoga tena. Chumba cha mama sikuingia.

"Nina mafua," nilimwambia kupitia mlangoni.

Siku ya pili nikasema nimechoka. Siku ya tatu nikasema mgongo unauma. Mume wangu ndiye aliyempaka mafuta miguuni. Mkono wake ni wa randa na misumari. Mama alilalamika anakwanguliwa kama mbao. Siku ya nne hakulalamika tena. Aliniita kwa upole, mimi nikiwa nje ya mlango.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama."

"Basi mbona unanikimbia?"

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nililia huku nasugua.

Siku ya sita nilikuwa nafungua mfuko ulioloa. Mfuko ukapasuka, maji yake yakanirukia kifuani na usoni. Nikaruka nyuma. Kamba ya barakoa ikanasa kwenye ndoano ya ukutani, ikakatika. Nilisimama pale mdomo wazi, uso mtupu, maji yanachuruzika. Wenzangu wakanikimbiza kwenye bomba, nikanawa, nikapewa barakoa mpya. "Pole, imekwisha," wakasema. Kwao ilikuwa imekwisha.

Jioni sikwenda nyumbani. Nilikwenda mlango wa tatu kutoka kwetu, kwa jirani yetu, nesi wa hospitali. Alikuwa anaanua nguo. Nilibaki mbali naye, karibu na ukuta.

"Dada Nesi, usinisogelee."

"Ala! Kuna nini?"

Nikamwaga yote. Tangazo, aproni, mkono wa wifi, mifuko myekundu, barakoa. Nilizungumza huku natembea, naenda ukutani, narudi. Nesi alivaa barakoa, akaketi kwenye ngazi. Hakunikatiza.

"Nimekasirika, jirani," alisema. "Wacha niseme hilo kwanza. Kadi si hirizi. Huivai ikakukinga."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeingia kule. Sikiliza. Chanjo inaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Akija, mwili unakuwa tayari. Haizuii kila kitu. Hata aliyechanjwa anaweza kuugua, lakini mara nyingi haugui vibaya, na uwezekano wa kuambukiza wengine unapungua. Sasa mwili uliofundishwa ni wa wifi yako. Wako haujafundishwa chochote."

"Na wifi? Tumemdhuru?"

"Dozi yake ya kwanza ilikuwa miezi mitatu kabla ya hii ya pili. Ameshapona homa?"

"Amepona."

"Nadhani atakuwa salama, lakini aje aonwe. Na kumbukumbu yake irekebishwe. Siku akiugua, daktari atasoma nini? Atatibu mtu wa kwenye karatasi." Akanitazama. "Na wewe. Jirani yangu nakujua. Kwa maneno ya uhuru pekee ungesimama getini na yule mzee. Uliogopa nini?"

Miaka yote hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikamwambia habari ya sindano ya utotoni.

Nesi akainuka. "Uso ulivimba? Koo likaziba? Ilikuwa dawa gani?"

"Mama ndiye anayejua. Nadhani penisilini."

"Mama ee! Na mchanjaji aliuliza swali hilo hilo, akajibiwa na mtu mwingine!" Alishika kichwa. "Hiyo si aibu. Hiyo ni habari ambayo sisi tunaihitaji. Mzio wa penisilini peke yake kwa kawaida haumzuii mtu kupata chanjo hii. Lakini mtu kama wewe anaonwa na daktari kwanza. Daktari akiridhika, unachanjwa hospitalini, unakaa nusu saa au zaidi mbele ya macho yetu, na dawa ya kuzuia mzio iko pembeni. Na daktari akisema kwako haifai, unaandikiwa barua. Hakuna wa kukufukuza."

"Lakini tangazo limesema hakuna mjadala."

"Tangazo limekosea hapo. Sheria ya kuchanjwa inaweza kuwa na maana mahali kama penu, penye nguo za wagonjwa. Watu wanagombana juu yake dunia nzima, na wenye akili wako pande zote mbili. Lakini sheria isiyosikiliza maswali inazaa uongo. Wewe una haki ya kuuliza. Una haki hata ya kukataa, ukakubali na matokeo yake. Yule mzee alikataa kwa namba yake mwenyewe. Wewe ulikubali kwa mkono wa mwenzio. Nani kati yenu amemweka mtu hatarini?"

Nilisimama. Kwa mara ya kwanza jioni ile miguu ilitulia.

Akanipa maagizo. Nilale karakanani kwa mume wangu, nisimsogelee mama kwa siku kumi. Nipimwe baada ya siku chache, na tena mwishoni. Niseme kazini kesho.

"Na mama yako mwambie leo," aliongeza.

"Nitamwambia baadaye. Asije akashtuka."

"Baadaye ndiyo lini?" aliuliza. Nikajifanya sikusikia.

Asubuhi nilimpigia simu wifi, naye akaja. Tulisimama mlangoni mwa ofisi, barakoa usoni, mbali na meza. Nikasema. Msimamizi aliweka kalamu chini. Uso ulimwiva.

"Toka! Wewe na huyo mkono wako! Leo hii hii mmefukuzwa!"

"Sawa, bosi," wifi akasema, machozi yanamtoka. "Lakini mtoe kule kwanza."

Msimamizi alisimama, akaketi, akasimama tena. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Mnajua nilivyopanga ile orodha?" alisema taratibu. "Nilikaa na kadi zenu mezani. Nilisema, sitampeleka kule mtu asiye na kinga. Sitaki kwenda kwenye msiba wa mtu niliyempanga mimi. Nikakuchagua wewe. Ningekuua, kumi na saba, na nilidhani nakulinda."

Hapo niliona haya kuliko siku zote. Yule Bwana Tangazo tuliyemcheka alikuwa anaogopa kwa ajili yetu. Tatizo, hofu yake aliibandika ukutani badala ya kutuambia.

"Bosi," nikasema, "unifukuze ukitaka. Lakini usidhani niko peke yangu. Hapa watu wanasainiana. Mwombe Nesi, jirani yangu wa hospitalini, aje azungumze nasi kabla hujapanga mtu mwingine."

Sijui kama alishawishika au alichoka. Lakini kesho yake Nesi alikuja. Watu walikaa uani, mmoja huku, mmoja kule. Mimi nilikuwa nje ya uzio na wifi kando, tukisikiliza kama wafungwa. Mzee Mvuke aliitwa pia, akasimama getini. Nesi alipindua kikapu cha mashuka akakikalia.

"Sikuja kuhubiri," alisema. "Kuna watu wawili wameazimana mkono. Wamesema wenyewe. Msimamizi amekubali kwamba mwingine akisema leo, hataadhibiwa. Nani mwingine?"

Polepole mkono mmoja ukapanda. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Msimamizi alikaa chini kwenye saruji na suti yake.

"Siwaulizi kwa nini mlidanganya," Nesi akasema. "Niambieni mliogopa nini."

Mmoja alikuwa mjamzito, na nyumbani hajasema. Nesi akamwahidi wataenda pamoja kliniki amuulize mkunga. Wa pili aliambiwa chanjo inaondoa uzazi. Nesi akamuuliza, aliyekuambia ni daktari au simu? Akasema simu. "Basi njoo tusome pamoja majibu ya wataalamu, uulize mpaka uchoke." Wa tatu alisema hana hofu yoyote, ila alikuwa na hasira tu. Watu wakacheka, na Nesi akacheka.

Mzee Mvuke akanyoosha mkono getini. "Mimi sijashawishika. Itakuwaje?"

"Unafanya kazi na nani, mzee?"

"Na boila. Niko peke yangu kule."

Nesi akamgeukia msimamizi. Walinong'ona. Msimamizi akajifuta jasho, akazungumza bila karatasi, mara ya kwanza tangu tumjue. Upande mchafu na wanaopeleka nguo wodini ni lazima wawe wamechanjwa, hapo harudi nyuma. Wengine ambao hawataki watapimwa kila wiki, watavaa barakoa na watafanya kazi mbali na wenzao. Mwenye tatizo la kiafya ataonwa na daktari kwanza. Na kila mtu atachanjwa kwa jina lake na kitambulisho chake.

"Kupimwa kila wiki nakubali," Mzee Mvuke alisema. "Sasa nimeulizwa, nami nimejibu." Akaingia, akaenda kwenye boila lake. Mpaka leo hajachanjwa. Kila Jumatatu anafika wa kwanza kupimwa.

Mimi na wifi tulipewa barua za onyo kali na tukakatazwa kugusa daftari la mtu mwingine. Tulistahili. Sasa kila mtu anasaini mwenyewe, na ndipo ilipojulikana kwamba wifi huchelewa kila siku ya Mungu.

Vipimo vyangu vyote viwili vilitoka safi. Hiyo ilikuwa bahati, si akili. Mmoja wa wenzangu wa upande mchafu aliugua wiki ile, akakohoa siku nne nyumbani, akarudi. Alikuwa amechanjwa kweli.

Daktari aliniuliza maswali mengi, kisha akasema naweza. Nesi mwenyewe ndiye aliyenichoma. Nilikalishwa dakika arobaini na tano. Nilisimama mara sita, na mara sita nikarudishwa kitini. Mkono uliuma siku mbili. Uso haukuvimba. Sikuamini mpaka nilipojitazama kwenye kioo.

Siku ya kumi na nne, mkono ulipoacha kuuma, niligonga mlango wa mama. Nilibeba mafuta yake. Nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha.

"Mama, mafua yamekwisha! Lete miguu."

Mama hakuleta miguu. Alizima redio.

"Wifi yako amekuja kuniomba msamaha," alisema. "Alidhani umeshaniambia."

Chupa ilinitoka mkononi.

"Siku zile sita," mama akasema, "ulikuwa unatoka kwenye mifuko ile, unaingia nyumba hii. Unapika ninachokula. Unapita kwenye ukumbi ninaopita mimi nikienda chooni."

"Nilikuwa naoga, mama. Nilikuwa nakaa mbali..."

"Nyamaza. Leo nasema mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Nimesikia mlivyogombana kule kazini. Msimamizi na haki yake ya kuweka sheria. Mzee wa boila na haki yake ya kukataa. Wewe na mwili wako. Wote mmepiga kelele, wote mmesikilizwa. Na mimi? Ambaye ningekufa? Nani aliniuliza? Ungeniambia, ningekwenda kukaa kwa dada yangu siku kumi. Ningefunga mlango. Ningechagua, mwanangu. Wewe ulinichagulia, halafu ukaniacha nikilia kwamba nimekukosea."

Nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa tayari. Nilitaka kwenda jikoni, uani, popote.

"Kaa," mama alisema. "Unieleze mwenyewe, tangu mwanzo. Na usiniruke hata neno."

Nikakaa sakafuni mbele yake. Mguu haukucheza. Nikaanza kumwambia.